Upole Mlionisifia

Kaeni, wapendwa, kaeni. Makofi hayo yatunzeni kwanza, mkishanisikia ndipo mtajua kama nilistahili. Mbukwenyi! Asanteni. Na ninyi mliotoka Chemba na mjini ambao hamkujua la kujibu, msijali, hiyo ni salamu yetu ya huku, hata ukitabasamu inatosha.

Mchungaji alinijia nyumbani nikiwa napeta uwele. Akaniambia, "Mama, mkutano wa mwaka huu tunafundisha juu ya upole wa Kikristo. Tunataka mtu aliyeuishi, na sote tumekuona wewe." Nikamwambia, "Mchungaji, ungejua unachosema ungekimbia." Akacheka, akadhani natania. Ndiyo shida yangu mimi. Nikisema kweli watu wanadhani natania, na nikinyamaza wanadhani naomba.

Basi leo nasema kweli, na atakayecheka acheke. Majina sitataja. Wa kijiji chetu mnawajua wote, tafadhali msianze kuwanong'onezea wageni. Acheni nimalize.

Niliolewa kwenye tembe. Mliozaliwa chini ya bati nawaelezea: ni nyumba ya miti na udongo, ukuta udongo, na paa nalo udongo, tena limelala bapa, unaweza kupanda juu ukaanika mtama. Jua likiwaka ndani kuna ubaridi mzuri. Lakini paa hilo lina kazi yake. Kila mwaka kabla ya mvua lazima mtu apande azibe nyufa kwa udongo mpya, na kabla ya kuweka huo mpya anakwangua ule wa zamani na kuutupa chini. Kukwangua ndiyo kazi yenyewe. Kunavunja mgongo, na vumbi lote linakuishia puani. Ukiiruka hiyo kazi, kwa macho paa linapendeza vilevile, tena linaonekana nene na imara. Ila kila mwaka linaongezeka uzito, na miti iliyo chini yake haiongezeki nguvu.

Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya shemeji yangu, mdogo wake na baba watoto, kitinda mimba wa mama mkwe. Mume wangu alikuwa mjini kwenye vibarua vya ujenzi, anakuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo mwanamume wa pale nyumbani alikuwa yeye. Kijana mwenye nguvu, mcheshi, mtu wa mizaha tangu asubuhi. Binti yangu alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, sioni aibu kusema. Alikuwa akimbeba mabegani kwenda kisimani, wanaimba njia nzima, na mtoto anamvuta masikio eti anaendesha pikipiki.

Udongo alikuwa anaupakia juu ya udongo. Mama mkwe anamfokea kutoka chini, "Kwangua kwanza, mvivu wewe!" Naye anajibu kutoka juu, "Mama, paa nene ndiyo paa! Nitakwangua mwakani." Tunacheka. Mwakani ikifika, anasema mwakani. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, wala hakuwa na nia mbaya na mtu. Ulikuwa uvivu wa mtu anayependwa na wote.

Ukaja ule mwaka wa mvua nyingi. Sisi huku mvua tunaililia hadi tunafunga kula, mwaka ule ikaja mpaka tukaanza kuiomba ipungue. Asubuhi moja nafagia chumba changu, nasikia kitu kinachuruzika taratibu, ch-ch-ch. Natazama, naona udongo unashuka kutoka kati ya fito, uzi mwembamba tu, unaangukia karibu na mkeka wa mtoto. Nikatoka nikamwambia shemeji, "Paa linatoa udongo." Akaja akatazama. "Ni panya, shemeji." Nikamwambia hao si panya, panda ukwangue hata kidogo. Akasema, "Kwa utelezi huu nitavunjika shingo. Kuwa mpole, mvua ikikatika nitapanda." Nikamwendea mama mkwe, naye akasema ngoja mvua ikatike. Nikampigia simu baba watoto, mtandao unakatikakatika, nikasikia tu, "Kuwa mpole, mama watoto, nakuja Jumamosi."

Nilisema, ndugu zangu. Nataka mjue kwamba nilisema. Nilipoona hakuna anayenisikia, nikahamisha mkeka wa mtoto nikauweka upande wa pili wa chumba, nikajiambia angalau hapo ni pakavu.

Mchana mvua ilipumzika kidogo. Binti yangu alikuwa amechomwa na mwiba, mguu umevimba, kwa hiyo alikuwa amelala ndani. Vitoto vya mbuzi vimetawanyika uani, nikatoka kuvikusanya. Nilikuwa nimekamata kimoja shingoni. Watu hudhani kulikuwa na kishindo kikubwa. Hapana. Nilisikia nyumba inashusha pumzi. Nikageuka, chumba hakipo.

Shemeji alifika pale kabla yangu. Majirani walikuja na majembe akawafukuza, "Msitumie jembe! Mtamkata!" Akachimba kwa mikono, na mimi kwa mikono, mpaka kucha zikamtoka nikaziona zimetoka na yeye hajui. Tulimkuta mtoto amejikunja, mkono wake uko juu ya kichwa. Gauni lake lilikuwa la njano. Lilitoka jekundu kwa udongo wetu huu.

Mazishi sitayaeleza. Aliyezika mtoto anajua, na ambaye hajazika, Mungu amwepushe. Nitasema hili tu: kila aliyenishika mkono pale msibani aliniambia neno lilelile. Kuwa mpole, mama. Haki ya Mungu, nililichukia! Ndilo neno nililoambiwa wakati mtoto wangu bado yuko hai, wakati bado kulikuwa na la kufanya. Sasa nikawa naambiwa na watu mia, wote kwa mapenzi, na mimi naitikia, asante, asante.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo wakakaa. Shemeji yuko chini, kichwa kimeinama, mikono imefungwa vitambaa. Baba mkubwa wa mume wangu akaniambia, "Mama, wewe ndiye uliyeumia. Ukisema huyu aondoke katika boma hili, anaondoka leo na hakanyagi tena. Sema." Nikasema, "Mimi sina neno naye. Abaki." Watu wakaguna kwa kuguswa. Mama mmoja akaanzisha pambio. Mkasema huyu ndiye Mkristo, huyu ndiye mpole wa kweli.

Sasa sikieni kilichokuwa moyoni. Kama angeondoka, angekwenda mbali huko, angepata kazi, angeoa, siku moja angeamka akakuta amesahau. Mimi sikutaka asahau. Nilitaka abaki mahali ninapoweza kumfikia. Ndiyo maana nilisema abaki.

Nguo za marehemu tuligawa kama ilivyo desturi. Lile gauni nikalificha. Sikulifua. Na kila siku ya kufua, nilipokuwa naanika nguo zangu na za mume wangu kambani, nililitoa na udongo wake uliokauka, nikalianika katikati, mahali ambapo mtu akitoka zizini ni lazima apite. Wanawake wenzangu mlipita mkaliona. Mkasema maskini, bado anaomboleza, mkanikumbatia. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwa nini gauni linaanikwa bila kufuliwa.

Chakula je? Wee, chakula nilimpikia, tena nilimpikia vizuri! Ugali wa uwele, mlenda, maziwa yakiwepo. Naweka sahani kwenye kigoda, natazama ukutani, naondoka. Akinisalimia, natazama ukutani. Tusi halikunitoka kinywani hata siku moja. Sikumpandishia sauti, sikumsengenya kwa jirani yeyote. Nani angenishitaki, na kwa kosa gani?

Akakonda. Mizaha ikaisha. Akaacha kulala ndani ya nyumba, akajitengenezea kitanda cha fito kando ya zizi, mvua ikija anajifunika turubai. Hapa kanisani akija anabaki nje. Watu wakasema kijana wa watu amerogwa. Mimi nilimjua aliyemroga, nilikuwa namwona nikijitazama kwenye kioo.

Na mimi nilipata changu. Mume wangu alijenga nyumba ya bati pale pale uani, nikahamia, nikasema sasa nitapumzika. Nikalala chini ya bati na bado nasikia ch-ch-ch. Bati halina udongo, jamani! Naamka nashika nywele zangu natafuta vumbi. Naisikia jikoni, naisikia harusini ngoma ikinyamaza kidogo, naisikia simu ikiwa sikioni na mtu anaongea. Nilikwenda hospitali, daktari akanitazama masikio kwa kijitaa chake, akasema, "Mama, masikio yako ni mazima kabisa." Nilitoka pale nalia, maana nilikuwa natamani akute ugonjwa. Hata humu ndani, ninyi mkifumba macho kuomba, mimi nilikuwa nafumbua natazama juu.

Katikati ya hayo mkanichagua kiongozi wa akina mama. Mnakumbuka? Msitazame chini, mlinichagua ninyi! Mlisema tunamtaka mama mpole. Nikasimama hapa hapa, nikafundisha juu ya utii na upole kwa sauti laini, wengine mkatoa machozi. Nikarudi nyumbani nikaanika gauni.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, misimu ikaja ikapita. Ningeendelea mpaka mmoja wetu afe, na mpango wangu ulikuwa afe yeye.

Kilichonizuia ni mama mkwe. Baada ya msiba alibaki kwenye upande wa tembe uliosalia. Mume wangu alimsihi ahamie kwenye bati, akakataa katakata. "Bati mchana linachoma, mvua ikija linapiga kelele mpaka husikii unachowaza. Nimezalia humu, nitafia humu." Nyonga zilikuwa zimemchakaa, hawezi kuinuka mwenyewe. Na paa lile hakuna aliyeligusa tangu siku ile. Shemeji hata ukuta wa tembe hakuusogelea. Mume wangu kila mwezi anasema analeta mafundi, kila mwezi mafundi hawapatikani.

Mvua za kwanza zikaanza, watu wote wakaingia mashambani kupanda. Siku moja mvua ilikatika alfajiri, nikafua mapema, nikaanika, kisha nikampelekea mama uji. Nimeketi namlisha, nasikia ch-ch-ch. Nikajiambia, ndiyo yale yale, nikaendelea kumlisha. Mama akanitazama usoni. "Mkwe wangu, na wewe unaisikia?"

Kijiko kiliniganda mkononi. Nikanyoosha kiganja. Ukaniangukia udongo, wa kweli, wa baridi.

Nikamwambia, "Mama, tutoke, sasa hivi." Akasema, "Sitoki. Acha aje atakayekuja." "Nani, mama?" Akasema, "Mungu, au mauti, yeyote atakayetangulia. Nina mtoto mmoja pale uani anakufa amesimama, na nina mkwe anayemuua kwa adabu. Mimi nikae kutazama nini tena?"

Kumbe alijua! Kitanda chake kilielekea mlangoni, na mlango wake ulielekea kwenye kamba ya nguo. Muda wote ule alikuwa analiona gauni, na hakuwahi kuniambia. Nilitamani ardhi inimeze pale pale.

Nikajaribu kumwinua peke yangu nikashindwa. Ni mwanamke wa mifupa mizito, na alikuwa amejilegeza makusudi, mnamjua. Udongo unashuka. Majirani wote wako mashambani. Nikatoka nje mbio, na mtu pekee aliyekuwa uani ni yeye, amesimama mlangoni pa zizi.

"Shemeji," nikaita. Sauti ilitoka imekwaruza. Akageuka nyuma kuangalia naita nani.

Nikamwambia, "Mama yuko ndani, paa linatoa udongo, njoo tumtoe." Akaja mbio mpaka mlangoni, pale mlangoni akakwama. Mguu mmoja uko hewani. Kisha akashuka chini akapiga magoti. Akasema, "Shemeji, nitume popote. Humo siwezi. Nikiingia mimi litaanguka. Linanisubiri mimi."

Ndugu zangu, nawaambia, pale ndipo nilipojua mtu akiwa kiganjani mwako inakuwaje. Nilikuwa na neno. Nilikuwa nimelitunza tangu siku tunachimba. Muuaji, sasa na mama yako unamuua? Ni hilo tu, wala si refu. Nililisikia limefika kwenye ulimi na lina utamu. Nikilisema, ataingia mbio afie humo, au atabaki nje mama afe na yeye afe baadaye kwa mkono wake. Nilijua hivyo kabisa. Na ninyi mngekuja kunifariji, mngeniambia kuwa mpole, mama.

Nisiwadanganye kwamba nililimeza. Kumeza nilikuwa nimemeza tangu mwanzo, ndiko kulikolikuza. Safari hii nililiacha. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo. Nilimtazama nikaona zile kucha zake, zilizoota tena zimepinda. Nikachuchumaa mbele yake mpaka macho yetu yakalingana. Sikuomba kwa maneno. Nilisema tu, Bwana, Bwana, kama mjinga.

Kisha nikamwambia, "Shemeji, nisikilize. Udongo uliupakia wewe. Nilikuambia hukunisikia, na mtoto wangu akafa. Hilo silifuti. Na lile gauni nimekuwa nalianika ili nikuue, na wewe unajua. Hilo nalo silifuti. Sasa mama yuko ndani. Tutaingia wote wawili. Nitazame mimi, usitazame juu."

Sauti ile hata mimi ilinishtua. Ilikuwa ya chini na haikuwa na hila ndani yake. Ndiyo niliyokuwa namsemesha mtoto radi ikimtisha, na nilidhani nilimzika nayo.

Akaniangalia. Akasimama. Tukaingia.

Nilitembea kinyumenyume nimemshika mikono yote miwili, namwambia, hapa, hatua, hapa, vizuri, nitazame. Udongo unamwangukia mabegani na mimi nauona, naendelea kumwambia nitazame. Akambeba mama mgongoni, mimi nikashika kwa nyuma. Na mama, badala ya kumshukuru Mungu, anapiga kelele, "Mnanivunja mbavu! Ugoro wangu! Nimeacha ugoro wangu kitandani, rudini!" Chekeni, ndiyo, chekeni. Sisi hatukucheka. Mkono wangu ulikuwa kwenye mgongo wa yule kijana na moyo wake ulikuwa unagonga mpaka nikaogopa.

Paa halikuanguka siku ile. Najua wengine mngependa lianguke mara tu tulipotoka, ushuhuda uwe mtamu. Halikuanguka. Majirani walirudi kutoka mashambani, wakalikwangua kutoka pembeni kwa majembe ya mipini mirefu, udongo wa miaka na miaka, rundo likafika kifuani. Walipofika kwenye miti, mmoja akagonga boriti, ikalia tupu. Mchwa walikuwa wameila ndani yote, nje limebaki ganda zuri kabisa. Nikachukua kipande nikakivunja kwa mikono, kikawa unga. Miti ile ilikatwa pamoja na ile ya chumba kilichoanguka, msitu mmoja, mwaka mmoja.

Niliwaambia nasema kweli, basi na hili nalisema. Nilipokishika kile kipande, kitu cha kwanza nilichowaza ni kukitia jikoni kwenye moto asikione. Kilinipita rohoni hicho, hata baada ya mlangoni. Kisha nikampelekea. Nikamwambia, "Tazama." Alikigeuza, akakigeuza, akaelewa. Hakusema basi mimi sina kosa, wala mimi sikumwambia hivyo. Udongo aliuweka yeye. Lakini alikuwa ameibeba nyumba nzima peke yake, na sehemu ya mzigo ilikuwa ya mchwa ambao hakuna mtu aliyewaona, si yeye, si mimi, si baba mkubwa na wazee wake. Alikaa chini akalia kwa sauti, uani, mbele ya watu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Siku iliyofuata nikalifua gauni. Yeye ndiye aliyechota maji na kunimiminia. Maji yakatoka mekundu, tukamwaga, yakatoka mekundu tena, tukamwaga. Lilibaki njano iliyofifia, na mama mkwe akaliomba, akalitia sandukuni kwake. Sasa anaishi kwenye bati na sisi, na kila siku ananung'unika juu ya joto.

Mtaniuliza, ile sauti imekwisha? Haijaisha. Siwezi kuwadanganya ndani ya nyumba ya Mungu. Juzi nimeisikia nikiwa nasuka mkeka. Tofauti ni kwamba sasa nainuka naenda kumwambia mtu. Namwambia mume wangu, au namwambia mama, na mara moja nilimwambia shemeji, akasema, "Na mimi naisikia." Tukakaa kimya pamoja mpaka ikapita.

Sasa upole, ambao ndio nilioitiwa. Ninachojua ni kidogo. Nilidhani mpole ni mtu asiyesema. Mimi sikusema kitu, na nilikuwa naua mtu kila siku ya kufua. Bwana wetu alijiita mpole, na mambo aliyosema yaliwachoma watu mpaka wakataka kumpiga mawe, na mimi miaka yote nilikuwa sijaliona hilo. Kile nilichopewa pale mlangoni kilikuwa na kweli yote, hata ile iliyonishitaki mimi. Ila hakikutaka damu ya mtu. Nikiwa na mtu mkononi nilifungua mkono, na si mimi niliyeufungua, maana mimi najijua. Kama kuna kitu kinaitwa upole wa Kikristo, nadhani ni kile, na nimekionja mara moja tu. Bado nakitafuta kila nikiamka.

Na ninyi kina baba, na sisi kina mama tunaokuwa wakwe, na watumishi pia, mnisamehe. Mtu akikwambia nyumba inatoa udongo, usimwambie awe mpole. Panda ukatazame.

Namshukuru mama mkwe, aliyekataa kutoka. Namshukuru baba watoto, nilimweleza habari ya gauni akaenda nje akatembea mpaka nikadhani hatarudi, akarudi. Nawashukuru majirani kwa majembe yao. Namshukuru Mchungaji, ambaye sasa hivi anajuta. Na namshukuru yeye, kwa kuingia mlango ule.

Kabla sijakubali kusimama hapa nilimwuliza kama naruhusiwa kusema. Akasema, "Sema, shemeji. Ila na mimi nitakuja." Amekuja. Yuko nje, kwenye dirisha la upande wa kwaya, na amesikia yote niliyosema. Msigeuke. Nawasihi, msigeuke.

Tulipokuwa njiani asubuhi aliniuliza, "Ukishamaliza, watu wakitoka wakanikuta pale nje, mimi nifanyeje?" Nikamwambia, "Nitawauliza wao."

Basi, ndugu zangu, nimewauliza.